Maswali ya Wasomaji: Ukurasa unapoteleza pembeni kwenye simu

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu jambo moja: kupanga ukurasa wa tovuti kwa Bootstrap, yaani mkusanyiko wa CSS na JavaScript iliyokwisha andikwa, ili ukae sawa kwenye simu, tableti na kompyuta. Majibu ni ya toleo la 5, lililotoka Mei 2021. Tofauti chache za toleo la 4 tumezitaja. `row` tunaiita mstari, `col` tunaiita safu, na nafasi iliyopo kati ya safu mbili tunaiita mwanya. Vipimo ni vya pikseli za CSS, na rem 1 tumeihesabu kuwa pikseli 16.

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nimetengeneza ukurasa wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kwenye kompyuta nikipunguza dirisha, safu zinashuka moja chini ya nyingine kama inavyotakiwa. Lakini kwenye simu ukurasa wote unakuja kwa udogo, maandishi kama siafu, mpaka niuvute kwa vidole viwili. Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Safu zako hazina kosa. Umesahau tagi moja ndani ya `<head>`:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Isipokuwepo, kivinjari cha simu huchukulia kwamba ukurasa ulitengenezwa kwa ajili ya kompyuta peke yake. Kinajipa upana wa pikseli 980, kinapanga kila kitu kwa upana huo, kisha kinaupunguza ukurasa mzima uenee kwenye kioo. Kwa Bootstrap, 980 imeshavuka kizingiti cha 768, yaani upana ambapo mpangilio hubadilika, na bado haijafika 992, kwa hiyo simu yako ilikuwa inapewa mpangilio wa tableti. Dirisha la kompyuta halina tabia hiyo, ndiyo maana hukuona kosa ulipojaribu huko.

Ukiiongeza, usifuate mifano inayobandika `user-scalable=no` au `maximum-scale=1` mwishoni mwake. Maneno hayo yanakusudia kumzuia msomaji asikuze maandishi. Mwanachama mzee anayesoma masharti ya mkopo ana haki ya kuyakuza.

SWALI: Ndugu zangu, kuna mchirizi mweupe upande wa kulia wa ukurasa wangu kwenye simu. Nikigusa tu, ukurasa mzima unateleza. Rafiki alinishauri niweke `overflow-x: hidden`, mchirizi ukaondoka, lakini sasa bei za bidhaa zimekatwa tarakimu za mwisho.
Msomaji, Tanga

JIBU: Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na linastahili kujibiwa kwa hesabu. Kwanza iondoe hiyo `overflow-x: hidden`. Kitu kilichozidi upana bado kimezidi. Umezuia tu kisionekane, na bei zako zimekatwa pamoja nacho. Ukiiweka kwenye `div` inayozunguka ukurasa wote, hata menyu uliyoipa `sticky-top` itaacha kung'ang'ania juu.

Chukua simu yenye upana wa 360, ambao simu nyingi za Android zinao. `container` inaacha nafasi ya ndani ya pikseli 12 kila upande, zinabaki 336. Ndani yake mstari una pambizo hasi, yaani -12 kila upande, kwa hiyo unajinyoosha na kurudi kwenye 360. Kisha kila safu inaacha tena 12 kila upande, na maandishi yanakaa kwenye 336. Kutoa 12, kurudisha 12, kutoa tena 12: kuna sababu. Kwa njia hiyo kati ya safu mbili zilizo jirani unapata mwanya wa 24, 12 za huyu na 12 za yule, na bado maandishi ya safu ya kwanza yanaanza sawasawa na kichwa cha habari kilichoandikwa ndani ya kontena bila mstari. Ni hesabu hiyo hiyo inayokuruhusu kuweka mstari mwingine ndani ya safu bila kitu kuhama.

Sasa liondoe kontena. Mstari ukikaa moja kwa moja ndani ya `body`, ambayo Bootstrap imeiondolea pambizo, unaanzia -12 na kuishia 372. Zile 12 za kushoto hazifikiki hata ukisogeza. Za kulia ndizo mchirizi wako. Tiba ni kuuzungushia mstari `container` au `container-fluid`. Ukitaka picha ziguse kingo zote mbili za kioo, andika `container-fluid px-0` nje na `row g-0` ndani, zote mbili kwa pamoja. Ukiweka `px-0` peke yake umerudi palepale: nafasi ya kontena imeondoka, pambizo hasi la mstari limebaki.

Sababu ya pili ni mwanya mpana. `gx-5` inatoa mwanya wa 48, kwa hiyo pambizo hasi linakuwa -24, na kontena lina 12 tu za kulimeza. Pikseli 12 zinatokeza kila upande. Lipe kontena lile `px-4`, ambayo ni 24, na hesabu inafungana.

Sababu ya tatu ni kitu kilichomo ndani ya safu. Picha isiyo na `img-fluid` hukaa kwa upana wake halisi. Kiungo kirefu kisicho na nafasi kinatokeza kwa sababu kivinjari hakina pa kukikata. Ipe aya yake `text-break`. Ramani ya Google huja na `width="600"` na `height="450"` ndani ya msimbo wake wa kunakili; izungushie `<div class="ratio ratio-4x3">`, maana 600 kwa 450 ni uwiano huo huo wa 4 kwa 3. Na kama mchirizi unaonekana kwenye kompyuta ya Windows lakini simu haina, tafuta `vw-100` au `100vw`: kipimo hicho kinahesabu mpaka upana wa mwambaa wa kusogeza ulio kulia, na ukurasa unazidi kwa kiasi hicho. Tumia `w-100`.

Usikisie ni ipi kati ya hizo. Fungua zana za msanidi kwa F12, weka upana wa 360, nenda kwenye konsoli ubandike:

`document.querySelectorAll('*').forEach(e => { if (e.getBoundingClientRect().right > document.documentElement.clientWidth) console.log(e) })`

Kila kitu kinachovuka ukingo wa kulia kitaorodheshwa, wazazi wakitangulia watoto. Anza na cha kwanza kwenye orodha. Kikiwa `div` yenye `row`, ni suala la kontena au mwanya. Kikiwa `img`, `iframe` au aya, tatizo ni kitu chenyewe. Vilivyomo ndani ya `table-responsive` vipuuze, hivyo vina ruhusa ya kuzidi.

SWALI: Ninauza kanga Mombasa na kijana wangu ananijengea duka la mtandaoni. Nataka kwenye simu zionekane kanga mbili mbili, kwenye tableti tatu, kwenye kompyuta nne. Ameweza, ila kadi hazilingani urefu, vitufe vingine viko juu vingine chini, na picha zimekatwa hadi jina la kanga halisomeki lote. Naomba mumsaidie.
Mama muuza kanga, Mombasa

JIBU: Mama, tunamwandikia kijana wako hapa hapa, nawe umsomee.

Idadi ya safu iandikwe kwenye mstari, siyo kwenye kila kadi:

`<div class="row row-cols-2 row-cols-md-3 row-cols-xl-4 g-2 g-md-4">`

Isome kuanzia kioo kidogo kupanda juu. `row-cols-2` haina jina la kizingiti, kwa hiyo inatawala tangu sifuri. `md` inaanzia 768, inaifuta ile ya kwanza, na inaendelea kutawala hadi `xl` ya 1200 iifute. Wengi husoma `md` kama "kwenye tableti tu", na hapo ndipo wanapoandika klasi nyingi zisizo na kazi. Maana yake ni "kuanzia hapa na kwenda mbele". Vizingiti vyote ni 576 kwa `sm`, 768 kwa `md`, 992 kwa `lg`, 1200 kwa `xl` na 1400 kwa `xxl`.

Urefu wa kadi: safu zilizo kwenye mstari mmoja tayari zina urefu sawa, ila kadi iliyo ndani ya safu haijui. Ipe `h-100` nayo itaijaza safu yake. Ili vitufe vyote vishuke chini, `card-body` iandikwe `card-body d-flex flex-column`, na kitufe kipewe `mt-auto`. Hapo jina fupi kama "Wema hauozi" na jina refu kama "Usisafirie nyota ya mwenzio" yatakaa kwenye kadi jirani bila kitufe cha hii kupanda juu kuliko cha ile.

Sasa picha, ambayo ndiyo biashara yenyewe. Kanga ina urefu wa kama sentimita 150 kwa upana wa kama 110. Kijana ameiweka kwenye fremu ya mraba na kuiambia `object-fit: cover`, yaani jaza fremu yote na kata kinachozidi. Fremu ya mraba inabakiza 110 kwa 110. Sentimita 40 zimepotea, 20 kila upande. Zimekwenda na pindo la kushoto na la kulia, na jina likiwa refu, ncha zake zote mbili. Mnunuzi wa kanga husoma jina kabla hajauliza bei, kwa hiyo hiyo siyo picha ya kanga tena. Gawanya 150 kwa 110 unapata karibu 1.36; uwiano wa 4 kwa 3 ni 1.33. Vinakaribiana mno. Kanga ikitandazwa na kupigwa picha kutoka juu, ikakatwa kwenye ukingo wa pindo, andika hivi:

`<div class="ratio ratio-4x3"><img src="..." class="object-fit-contain" alt="..."></div>`

`contain` inaonyesha picha nzima hata kama itaacha ufito mwembamba juu na chini. Klasi hiyo imo kuanzia toleo la 5.3, kwa toleo la nyuma andika `object-fit: contain` kwenye faili lako la CSS. Ndani ya `alt` andikeni jina la kanga na rangi zake, kwa ajili ya asiyeona na kwa ajili ya picha isiyofunguka.

Jambo la mwisho ni maneno ya kitufe. Tupime kadi kwenye simu ya 360 ikiwa mwanya ni `g-4`: safu ni 180, toa mwanya inabaki 156, toa mipaka ya kadi 154, toa nafasi ya ndani ya `card-body` 122, toa nafasi na mipaka ya kitufe zinabaki 96 kwa maandishi. "Weka kwenye kapu" kwa herufi za 16 inahitaji kati ya 125 na 140 kutegemea fonti, basi inavunjika mistari miwili. Kwa `g-2` na `card-body p-2` nafasi inapanda hadi 120, bado haitoshi. Andikeni "Nunua". Maneno ya vitufe vya Kiswahili ni marefu kuliko yale ya mifano ya mtandaoni, kwa hiyo kila kitufe kipimwe na neno lake halisi tangu siku ya kwanza, wala si neno la kujazia nafasi.

SWALI: Menyu yangu ya vistari vitatu haifunguki kwenye simu. Nimenakili msimbo kutoka kwenye mafunzo ya video, herufi kwa herufi.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Karibu hakika mafunzo ni ya toleo la 4 na faili uliloliunganisha ni la toleo la 5. Angalia kitufe chako: kikiwa na `data-toggle` na `data-target`, badilisha viwe `data-bs-toggle` na `data-bs-target`. Neno hilo `bs` liliongezwa ili sifa za Bootstrap zisigongane na za programu nyingine, na bila hilo toleo la 5 halikioni kitufe chako kabisa. Halitoi hata ujumbe wa kosa.

Kisha hakikisha `data-bs-target="#menyu"` inalingana na `id="menyu"` ya `div` yenye `collapse navbar-collapse`; alama ya reli (`#`) iwe upande wa kitufe tu. Faili la JavaScript liwe `bootstrap.bundle.min.js`, lenye Popper (msimbo unaozipanga menyu za kushuka mahali pake) ndani yake, la sivyo menyu za kushuka zitakwama. jQuery, maktaba ya JavaScript iliyohitajiwa na toleo la 4, haihitajiki tena. Usipakie matoleo mawili kwa pamoja ukidhani moja litasaidia pale jingine liliposhindwa; yatagombania klasi zile zile.

Ukiwa hapo hapo, pitia majina mengine yaliyobadilika: `ml-auto` sasa ni `ms-auto`, `mr-2` ni `me-2`, `text-right` ni `text-end`, `float-left` ni `float-start`, `no-gutters` ni `g-0`, `sr-only` ni `visually-hidden`. Haya hayaleti kosa lolote, klasi inapuuzwa tu, na unabaki unashangaa kwa nini menyu haiendi kulia.

SWALI: Assalaam aleikum. Tunaendesha tovuti ya ofisi ya safari kwa Kiswahili na Kiarabu. Kurasa za Kiarabu tumezigeuza kwa mkono, kila `left` tukaifanya `right`, na sasa kila marekebisho tunayafanya mara mbili. Hakuna njia nyepesi?
Msomaji, Maskati

JIBU: Waaleikum salaam. Ipo, na ndiyo sababu ya yale majina tuliyomtajia msomaji wa Dodoma hapo juu. Herufi `s` ya `ms-auto` ni mwanzo wa mstari wa maandishi, na `e` ya `me-auto` ni mwisho wake. Kwa Kiswahili mwanzo ni kushoto, kwa Kiarabu ni kulia.

Kwenye kurasa za Kiarabu andikeni `<html lang="ar" dir="rtl">` na muunganishe `bootstrap.rtl.min.css` badala ya `bootstrap.min.css`. Kurasa za Kiswahili zibaki na `lang="sw"` na faili la kawaida. HTML iliyobaki iwe moja. Mpangilio wa safu, menyu, fomu, vyote vinageuka vyenyewe. Kwenye CSS yenu badilisheni `margin-left` kuwa `margin-inline-start`, na `padding-right` kuwa `padding-inline-end`, nayo itafuata.

Jihadharini na namba za simu. Ndani ya aya ya Kiarabu, alama ya kujumlisha iliyo mbele ya 968 huweza kurukia upande wa pili, na namba iliyogawanywa kwa nafasi vikundi vyake vikabadilishana zamu. Msafiri akipiga hampati mtu. Kila namba izungushieni `<span dir="ltr">`. Aikoni za mishale ya "mbele" na "nyuma" nazo hazigeuki zenyewe. Zigeuzeni kwa `transform: scaleX(-1)` kwenye kurasa za `rtl`.

SWALI: Jedwali la matokeo lina safu tisa: jina, masomo saba na wastani. Kwenye simu linasukuma ukurasa wote pembeni.
Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, lizungushie `<div class="table-responsive">`. Jedwali litasogea lenyewe ndani ya kisanduku hicho na ukurasa utatulia. Lakini mzazi akisogea hadi alama za Hisabati, jina la mtoto limeshatoka machoni. Ongeza CSS hii:

`.matokeo th:first-child, .matokeo td:first-child { position: sticky; left: 0; background: #fff; }`

Lipe jedwali klasi `matokeo`, na jina litabaki kushoto. Rangi ya usuli ni lazima. Bila hiyo alama zitapita nyuma ya jina na vyote viwili visisomeke. Majina marefu yaruhusu yavunjike mistari, na seli za alama ndizo uzipe `text-nowrap`. Ukifanya kinyume, safu ya jina itakula nusu ya kioo.

Kama ndani ya jedwali una menyu za kushuka, zitakatwa na ukingo wa kisanduku. Zitoe nje ya jedwali.

SWALI: Nimeficha picha kubwa ya juu kwenye simu kwa `d-none d-md-block` ili wateja wasimalize bando. Lakini wanasema ukurasa bado mzito.
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ni kweli bado mzito. `d-none` inazuia picha isionekane; kivinjari kinaposoma `<img src=...>` kinaanza kuipakua bila kujali kama itaonyeshwa. Mteja wako amelipia picha asiyoiona.

Mpe kila mmoja picha ya saizi yake:

`<img src="mbele-700.jpg" srcset="mbele-700.jpg 700w, mbele-1400.jpg 1400w" sizes="100vw" class="img-fluid" width="1400" height="600" alt="...">`

Kwa nini 700? Simu ya upana wa 360 yenye vitone viwili kwa kila pikseli inahitaji 720 kujaza kioo kizima, na 336 za ndani ya kontena zinahitaji 672. Saizi ya 700 inakaribia ile ya kwanza na inaitosheleza ya pili, ingawa simu yenye vitone vitatu huenda ikachagua ile kubwa. Kama picha inakaa ndani ya safu, `sizes` iseme hivyo: kwa kadi zinazokuwa tatu kuanzia 992 na mbili kuanzia 768, andika `sizes="(min-width: 992px) 33vw, (min-width: 768px) 50vw, 100vw"`. Ukiacha `100vw`, kompyuta itapakua picha mara tatu ya upana inaouhitaji. Zile `width` na `height` usiziondoe. `img-fluid` itaipunguza picha itoshee nafasi yake, ila kivinjari kinazitumia kutenga nafasi mapema ili maandishi yasiruke picha ikifika. Picha za chini ya ukurasa zipe `loading="lazy"`, ya juu kabisa usiipe.

Wengine wakiona uzito wanailaumu Bootstrap yenyewe. `bootstrap.min.css` ina takriban kilobaiti 230, na seva ikiibana kwa gzip inafika kwa mteja ikiwa kama 30. Picha moja iliyotoka kwenye simu bila kupunguzwa huwa na megabaiti 3 au zaidi, yaani mara mia ya hizo 30. Anza na picha.

SWALI: Kuna wanaosema Bootstrap imepitwa na wakati, CSS yenyewe inatosha. Nishike lipi?
Mwanafunzi, Bujumbura

JIBU: Kwa ukurasa mmoja wa tangazo, CSS inatosha. Mstari huu peke yake unapanga kadi kwa idadi yoyote inayotoshea, bila kizingiti hata kimoja:

`grid-template-columns: repeat(auto-fill, minmax(min(100%, 260px), 1fr));`

Uweke kwenye `div` yenye `display: grid` na `gap: 1rem`. Ile `min(100%, 260px)` usiifupishe kuwa `260px` tu, maana kisanduku kikiwa chembamba kuliko 260 kadi zitatokeza.

Bootstrap tunaishika pale panapokuwa na fomu, menyu, madirisha ya kujitokeza na watu watatu wanaogusa msimbo mmoja, kwa sababu wote wanajua `col-md-6` ni nini bila kuulizana. Hata hivyo jifunze kabla flexbox, njia ya CSS ya kupanga vitu kwa mstari au kwa safu. Mistari yote ya Bootstrap tangu toleo la 4, Januari 2018, imejengwa juu yake, na asiyeijua hubaki kubahatisha klasi. CSS yako iunganishe baada ya ile ya Bootstrap, la sivyo itashindwa kila zinapogongana kwa nguvu sawa, na utajikuta unaandika `!important` kila mahali.

SWALI: Mnasema tupime kwenye simu halisi. Nifanyeje kama tovuti bado iko kwenye kompyuta yangu?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Unganisha simu na kompyuta kwenye Wi-Fi moja, hata ikiwa ni hotspoti ya simu nyingine. Ingia kwenye folda ya tovuti, andika kwenye terminali `python3 -m http.server 8000`, kwenye Windows huenda ikawa `python` tu. Tafuta anwani ya kompyuta kwa `ipconfig` kwenye Windows au `ip addr` kwenye Linux, mara nyingi inaanza na 192.168. Kwenye simu fungua `http://`, anwani hiyo, kisha `:8000`. Isipofunguka, huenda ulinzi wa Windows umeizuia. Ruhusu Python kwa mitandao ya faragha.

Ukishaifungua, kuna vitu ambavyo kompyuta haiwezi kukuonyesha. Gusa kila kisanduku cha fomu: kwenye iPhone, herufi zikiwa chini ya pikseli 16 ukurasa unajikuza wenyewe kila ukigusa, kwa hiyo usizipunguze. Sogeza ukurasa juu na chini uone kama sehemu uliyoipa `vh-100` inafichwa na upau wa anwani. Ikifichwa, andika `min-height: 100dvh` badala yake. Bonyeza vitufe kwa kidole gumba cha mkono mmoja, ukilenga kila kimoja kiwe na kimo cha angalau 44. Halafu nenda kwenye mipangilio ya simu, kuza maandishi hadi saizi kubwa kabisa, rudi uangalie menyu na kadi. Mwisho rudi kwenye kompyuta, weka upana wa 320, urudie ule msimbo wa konsoli tuliompa msomaji wa Tanga. Orodha ikitoka tupu, ukurasa uko tayari kupandishwa.